Siku Lusia Alipokataa Kuitika

Vijana wangu, mmenipigia simu mmoja baada ya mwingine mkiuliza kazi ya kuingiza sauti kwenye katuni inafanywaje, na mimi kwa uvivu wa uzee nimekuwa nikiwajibu nusunusu. Leo nimeamua kukaa chini niandike, maana Zuhura yuko zamu hospitalini na nyumba imetulia. Zuhura ni binti yangu, ndiye ninayekaa naye hapa Doha. Kazini kila mtu aliniita Mama Zuhura, hata wasiojua Kiswahili, na nyinyi niiteni hivyo hivyo.

Nianze na jambo la juzi. Nilikuwa kwenye metro, na mbele yangu ameketi yaya mmoja Mkenya na mtoto aliyeshika simu. Nikasikia mwanamke mzee akimbembeleza mtu alale. Nikageuka nimwone huyo mzee, kumbe ni mimi. Ilikuwa katuni niliyokwisha kuisahau, niliifanya zamani nikiwa na mafua, na mafua yale bado yamo mle ndani, hayajapona. Mtoto alikuwa anaicheka ile sauti kwa raha zake. Nami kwa ujinga nikamsemesha kwa sauti ile ile. Akaacha kucheka, akanitazama, halafu akajificha kwapani mwa yaya wake na hakutoa kichwa mpaka nikashuka. Nawaambia haya mapema ili mjue kwamba kazi hii inakutoa kitu na kukiweka mahali, na siku moja utapishana nacho njiani. Ukiwa mwoga wa mambo hayo tafuta kazi ya benki.

Mimi sikusomea. Nilikuja Doha kutoka Mombasa kulea watoto wa watu, na jioni niliwasimulia hadithi. Mama wa nyumba ile alikuwa na ndugu yake aliyefanya kazi studio, huko The Pearl, kisiwa cha wenye pesa, chini ya jengo la makazi. Walikuwa wakitengeneza katuni za lugha nyingi na Kiswahili kikiwemo, wakiziuza kwenye vituo vya televisheni vya nyumbani. Siku moja walikosa bibi kizee. Nikaenda kwa siku moja, nikatoka huko mvi zimenijaa.

Chumba cha kurekodia, kwa msiokijua, kimevishwa sponji kuta zote hadi dari, na mlango wake ni mzito kama wa friji ya bucha. Kiyoyozi huzimwa mnaporekodi. Ukiwa mle peke yako na hakuna anayesema, baada ya muda mfupi unaanza kusikia kitu kinavuma, na kitu hicho ni damu yako mwenyewe inapita masikioni. Wengi hawaipendi sauti hiyo. Kijana mmoja wa Kampala, mtu wa miraba minne, aliisikia siku yake ya kwanza, akavua vipokea sauti vya masikioni akaviweka mezani kwa adabu, akaondoka. Koti lake tulikaa nalo hadi likaliwa na nondo.

Mengine ni ya kawaida. Usivae bangili. Usivae kitambaa kinachochakarika, buibui langu la sikukuu lilinifukuzisha mara mbili. Chai ya maziwa inaganda kooni, kunywa maji ya uvuguvugu na kipande cha tofaa. Na usije na njaa, wala usije umeshiba maharagwe. Mimi niliwahi kucheza malkia anayetoa hukumu ya kifo, na tumbo langu likatoa maoni yake katikati ya hukumu. Ustadhi Naji, mzee wa Kisyria aliyenifundisha kazi, alikataa kuifuta. Alisema malkia yule tangu mwanzo alikuwa hana heshima.

Naji ndiye aliyenipa fundisho ninalotaka mlishike. Alisema mtu akizeeka, pumzi humtangulia na neno hufuata. Kwa hivyo usiigize uzee kwa kutetemesha sauti kama mbuzi, tanguliza pumzi tu, wasikilizaji watamwona mzee. Na ukitaka kumwigiza aliyekufa, usivute pumzi kabisa. Vuta kabla taa ya kurekodi haijawaka, uizuie, kisha useme. Mtoto hatajua kilichokosekana, lakini mwili wake utajua. Nilijaribu nyumbani, nikamwita Zuhura kutoka jikoni kwa namna hiyo. Alikuja mbio akaniuliza mama unaumwa nini, na usiku ule akaja kulala kwangu.

Sasa nije kwa Lusia.

Katuni yenyewe ilikuwa ya sehemu nyingi, kila sehemu mtoto wa nchi moja na sikukuu ya kwao. Ya Meksiko aliiandika na kuichora Marisol, mchoraji wetu, mwenyewe mtu wa huko. Hadithi ilikuwa ndogo. Kwao kuna siku za kuwakaribisha wafu. Familia hupanga meza yenye maua ya manjano, mkate, maji, chumvi na picha ya marehemu. Mtoto mmoja, jina lake Lusia, anamngojea bibi yake. Bibi anafika, anamwita jina mara moja, mtoto anaitika pale pale, wanakula pamoja, bibi anaaga. Basi.

Vikao vya hadithi hiyo ndogo vilichukua muda kuliko vya nchi nyingine zote. Mtayarishaji wetu, Fadi, Mlebanoni mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, aliletewa na wachoraji wengine michoro tofauti na ya Marisol, ambamo bibi alikuwa mifupa mitupu inayopiga gitaa, na kichwani ana kofia pana kama ungo. Na palikuwa na mjomba mwenye masharubu amelala chini ya mti wa miiba tangu mwanzo hadi mwisho.

"Bibi yangu hakuwahi kuvaa kofia hiyo," Marisol alisema. "Wala hakujua gitaa."

"Mtoto atajuaje kama hapa ni Meksiko bila kofia?" Fadi akamuuliza.

"Na wewe watu wanakujuaje kama ni Mlebanoni? Mbona huji kazini na ule mti wa mwerezi wa bendera yenu kichwani?"

Tulikuwa tukizungumza Kiingereza cha Doha, kila mmoja na chake, mimi nawawekea kwa Kiswahili. Fundi wetu wa sauti, Hernán, alikuwa Mkolombia, na mngedhani angemuunga mkono Marisol kwa kila kitu kwa kuwa wote wanazungumza Kihispania. Kwenye kofia alimuunga mkono. Kwenye mengine alimgeuka.

"Kila katuni ya watu wetu ni Meksiko," alisema. "Ni wafu, ni maua. Bibi yangu mimi alikuwa mhasibu. Alipokufa tulimzika, tukarudi nyumbani. Mtoto wa Kolombia atajiona lini akipanda basi tu kwenda shule?"

"Chora yako."

"Mimi mtu wa mashine, sichori."

"Basi niache nimchore bibi yangu," Marisol akasema.

Mimi yalinigusa. Miaka ya nyuma katika studio hiyo hiyo niliambiwa nizungumze Kiafrika zaidi. Nikauliza Kiafrika ndiyo lugha ya wapi. Wakaniwekea ngoma na simba ananguruma nyuma yangu, na hadithi ilikuwa ya mtoto aliyepoteza kiatu.

Kwenye habari ya mjomba, Fadi alitaka katika Kiswahili tumpe lafudhi ya mlinzi wa geti, ile ya kuchekesha watu kwenye vipindi vya nyumbani. Hapo ndipo Lusia wetu alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza kikaoni. Ndiyo, mwenzetu huyu naye aliitwa Lusia, ndiye aliyemcheza mtoto. Alikuwa mwanamke mzima wa Bungoma, mlinzi katika duka moja kubwa, lakini koo lake lilibaki la msichana wa miaka saba. Alikuja studio siku zake za mapumziko.

"Boss, hiyo accent ya soja ndiyo yangu," alisema kwa upole. "Soja ni mimi. Sasa mkiiweka hapo, mimi nitaongea aje?"

Fadi aliona haya, wala simtanii, aliona haya kabisa. Mjomba akaamshwa chini ya mti akapewa kazi ya kuoka mikate.

Lililobaki lilikuwa neno moja. Kwa Kihispania, bibi anapoita, mtoto anaitika "Mande," yaani niamuru. Hernán hakulitaka. Alisema ni neno la watumwa, kwamba wazee wao walifundishwa kuwaitikia hivyo mabwana wa Kihispania, na ukiliweka kwenye katuni dunia nzima itaona watoto wao wanalelewa kuinama. Marisol alisema huenda ni kweli na huenda si kweli, yeye si mwanahistoria, lakini angemjibu bibi yake "Nini?" angekula kofi. Mimi nikacheka peke yangu. Mombasa msichana akiitwa na mkubwa wake huitika "Labeka" au "Bee," na mimi nilipothubutu kusema "Nini?" siku moja, mama yangu alinijibu kwa upawa. Nikawaambia Kiswahili tunalo la kuweka hapo, tena lina adabu bila kuinama, ni "Abee." Hernán akasalimu amri akisema wanawake wa dunia nzima wamekula njama.

Tukaingia kurekodi. Zamani watu waliingia wote chumbani wakacheza pamoja, siku hizi kila mtu huletwa peke yake na mashine huwaunganisha. Kwa tukio hili niliomba tuingie wawili, mimi bibi na Lusia mtoto, kwa sababu kuitana na mtu asiyekuwepo hakunogi. Ilikuwa kiangazi, Pearl imehamwa, wenye nyumba wako safarini, na nje ya dirisha la mapokezi huoni mtu ila paka. Mlango ukafungwa. Kiyoyozi kikazimwa. Nikaizuia pumzi yangu kama nilivyofundishwa na Naji, taa ikawaka, nikaita.

"Lusia."

Kimya. Nikadhani amesahau mstari. Karatasi ilikuwa mbele yake, neno moja tu, Abee. Alikuwa hasomi. Alikuwa ananitazama, tena si mimi hasa, alitazama kidogo nyuma ya bega langu.

Kanuni ya kazi ni kwamba hukatizi mpaka fundi akatize. Nikaita tena, na sauti yangu ikashuka yenyewe, ikawa nzito kuliko niliyokusudia. Lusia akarudi nyuma hatua. Nikaita mara ya tatu. Hapo ndipo akajibu, "Abee, bibi," kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa mkono gizani na mtu asiyemjua. Nilikuwa naogopa nafsi yangu.

Taa ilipozimwa Lusia alijifuta jasho kwa skafu. "Mum, nisamehe," akasema. "Sikuwa na-act."

Sikuhitaji kuelezwa. Nyinyi pia hamhitaji, lakini nitaandika kwa ajili ya waliozaliwa ughaibuni. Watoto wa kwetu, wa pwani na wa bara, tumekuzwa na amri moja. Ukisikia jina lako linaitwa na anayeita humwoni, usiitike. Ngoja. Ukiitwa mara ya tatu, hapo ni mtu. Wale wengine huita mara moja au mbili, na ukiwaitikia umekwisha kukubali kwenda nao. Sasa msichana huyu, jina lake Lusia, anaitwa Lusia na bibi aliyekufa asiye na pumzi, ndani ya chumba kile, na karatasi inamwambia aitike mara ya kwanza. Koo lake lilikataa.

Fadi alifurahi mno. Aliicheza mara nyingi, kila mara akisugua mikono yake. "Hii ndiyo," alisema. "Watoto watajifunika blanketi." Akataka aongezewe upepo na mbwa anayelia mbali. Akasema lugha zote zifanywe upya kwa mtindo huu, Kiarabu, Kiingereza, hata Kihispania chenyewe, bibi aite mara tatu na mtoto aogope. Tukapanga Ijumaa iliyofuata ndiyo ya mwisho, kisha kazi inatumwa.

Marisol aliitwa aisikilize. Alisimama nyuma ya kiti cha Hernán na mikono mifukoni. Hajui Kiswahili, lakini lile jina alilisikia mara tatu, na ule ukimya baada yake aliuelewa. Ilipokwisha alikuwa amebadilika rangi.

"Wale walimfanya kikaragosi," alisema. "Nyinyi mmemfanya zimwi. Bora kofia."

Fadi akamwambia ni hadithi tu, watoto hupenda kuogopa. Marisol hakugombana naye. Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje, juani, nami nikamfuata na chupa ya maji kwa kuwa jua lile si la kukalia.

Akanieleza. Marisol alikuwa na jina la pili, Lusia, na aliyemwita kwa jina hilo duniani ni bibi yake tu. Bibi alipokuwa kitandani siku za mwisho, Marisol alikuwa hapa Doha, ruhusa ya kusafiri haijatoka. Mama yake akapiga simu, akaiweka karibu na mdomo wa bibi. Bibi akaita, "Lusia." Marisol akaitika, "Mande, bibi, mande." Lakini simu ilikuwa ya ile namna tunayoijua sote tulio mbali na kwetu, wewe unawasikia, wao hawakusikii. Bibi aliita na kuita, na kila mara yeye aliitika, na huko kitandani hakuna kilichofika. Alimsikia mama yake akimwambia bibi, labda ana kazi.

"Nilichora hadithi yote ile kwa ajili ya neno moja," Marisol aliniambia. "Mtoto aitike mara ya kwanza. Asikawie. Ikienda hivi mlivyofanya, nimemnyamazia tena, safari hii mbele ya watoto wa dunia."

Nililia pale kwenye ngazi, sioni sababu ya kuficha. Na akanisahihisha jambo moja. Akasema, "Na kwa nini bibi yako hapumui?" Nikamweleza ustadi wangu kwa majivuno, fundisho la Naji. Akatikisa kichwa. Kwao wakija wanakuja wamechoka na safari, wana kiu, ndiyo maana maji huwekwa mezani. Lazima wapumue. Nilitamani Naji angekuwa hai nikabishane naye.

Fadi si mtu mbaya. Nilipomweleza akasema basi, Ijumaa mpeni Lusia nafasi moja. Akiitika vizuri mara ya kwanza, inakwenda ya Marisol. Asipoweza, inakwenda tuliyonayo, kwa kuwa muda umekwisha.

Ijumaa hiyo Zuhura alinipeleka Mesaimeer tukamchukue Lusia akitoka kanisani, maana hapa Wakristo husali Ijumaa. Vumbi lilikuwa limepanda tangu asubuhi, majengo yamefifia, na watu walitoka pale geti la makanisa wamejifunga vitambaa puani, nguo zao nzuri zimegeuka rangi moja. Lusia aliingia nyuma, akafunga mlango, akajikung'uta vumbi mpaka tumevuka mataa.

"Mum, unajua vile nilipata hili jina?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.

"Nilizaliwa nikilia tu. Usiku, mchana. Wazee wakakaa, wakaanza kuita majina ya watu wa kwetu wenye walikufa, moja moja. Wakifika kwa jina la kukhu, nikanyamaza. Kukhu ni nyanya yangu, aliitwa Lusia. So nikapewa hilo." Akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. "Hao wafu hawaombi kitu kikubwa. Wanaomba tu jina. Lakini sasa ukiniita pale ndani, mimi sijui unaita nani. Ni mimi, ama ni yeye? Na nikiitika, nani ameitika?"

Zuhura alipunguza mwendo. Mimi nikamweleza habari ya simu ya Marisol. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hakusikika?" akauliza.

"Hakusikika."

"Ile ya network inaenda upande mmoja."

"Hiyo hiyo."

Lusia aliguna. "Hiyo najua," akasema. "Hiyo ilinipata na mamangu, lakini yeye alipona."

Marisol aliomba aingie nasi chumbani. Si kawaida, mtu wa tatu ni mtu wa tatu wa kukohoa, lakini Hernán aliruhusu, akamketisha sakafuni kwenye kona na kumwonya asijikune. Fadi alikuwa nyuma ya kioo karibu na Hernán. Mlango ukafungwa, kiyoyozi kikafa, ule uvumi wa damu ukaanza masikioni. Safari hii sikuizuia pumzi. Niliivuta mbele ya maikrofoni, ndefu, ya mwanamke aliyepanda mlima na mzigo, na nikaita.

"Lusia."

"Abee, bibi."

Lilitoka jepesi, limelipokea jina kabla halijatua. Alikuwa amefumba macho. Tukaendelea na mistari iliyobaki, bibi akaomba maji, akasifu mkate, akaaga, na kupitia kioo nilimwona Fadi akimfinya bega Hernán na kugeukia ukutani kupenga kamasi. Ilitosha mara moja. Ndiyo iliyokwenda, na lugha nyingine zikabaki kama alivyoandika Marisol.

Lakini hapo tulikuwa hatujamaliza. Kuna jambo moja la kazi ambalo wageni hulishangaa. Tukio likikwisha, fundi huwaambia mkae palepale bila kusema, naye anarekodi ule ukimya. Kila chumba kina ukimya wake, na watu waliomo huubadilisha, kwa hivyo huwezi kuchukua wa jana ukaubandika leo. Ukimya huo ndio hujazwa katikati ya maneno ili masikio yasione pengo. Husimami vibaya, humezi mate, hutazamani na mwenzako mkacheka. Unangoja tu.

Hernán akainua kidole nyuma ya kioo. Taa nyekundu ikawaka. Mimi nilikuwa nimesimama, mdomo nimeufunga, na ninyi vijana wangu mnajua mimi si mtu wa kuapa ovyo, naapa sikutoa sauti. Lusia alikuwa mbele yangu na nilikuwa namtazama usoni. Marisol alikuwa kwenye kona yake, amekumbatia magoti, ameinamisha kichwa.

Marisol akainua kichwa. Hakututazama sisi. Alitazama mlangoni, kwa uso wa mtu aliyeitwa akiwa katikati ya shughuli nyingine.

"Mande," akasema.

Lusia akanishika mkono. Hernán alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kuzimia, ananiuliza kwa macho. Nikamtikisia kichwa asizime. Marisol alikuwa bado anasikiliza, na kwetu mtu akisemeshwa na mkubwa wake hakatizwi.